Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Usanifu na Vipuri vya Manowari za Kubeba Ndege

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya kamati kwa mwaka unaomalizika. Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu uliopita uliazimia tuweke kando kwa muda historia ya vita vya baharini, tujifunze namna manowari kubwa za kubeba ndege zinavyosanifiwa na, zaidi ya hapo, namna zinavyopatiwa vipuri katika maisha yake yanayoweza kufika miaka 50. Karibu vikao vyetu vyote vimetumika kwa kazi hiyo.

Mjadala mrefu kuliko yote ulihusu manowari ya Ufaransa, Charles de Gaulle. Novemba 2000, ikivuka Atlantiki kuelekea Marekani, bapa moja la propela yake lilivunjika, na uchunguzi ukaonyesha kasoro iliyotokana na usubuaji, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa katika kalibu. Nyaraka za kiwanda kilichoisubu ziliteketea kwa moto, na Wafaransa wakalazimika kuifunga meli yao mpya propela zilizotengenezewa Clemenceau na Foch, manowari za kizazi kilichotangulia. Kwa miaka kadhaa ikawa inakwenda maili za baharini 24 au 25 kwa saa badala ya 27, hadi ilipopata propela mpya katika matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 2007. Kwa maoni yangu, hakuna mfano unaoonyesha wazi zaidi kwamba michoro na kalibu za mtengenezaji ni sehemu ya akiba ya vipuri, na zinastahili ulinzi uleule unaopewa chuma chenyewe.

Enterprise ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1961 ikiwa na vinu vinane vya nyuklia, ilipata taabu ya namna nyingine. Gharama zilisababisha meli nyingine za aina yake zisijengwe, hivyo ikaishi peke yake, bila meli pacha ya kushirikiana nayo vipuri, hadi ilipoacha kazi mwaka 2012. Nimitz na wenzake, kumi kwa jumla, hutumia vinu viwili tu kila moja, na kipuri kilichosanifiwa kwa mmoja aghalabu huwafaa wengine. Idadi hiyo ya meli pacha, kwa hakika, ndiyo sifa ya usanifu ninayoithamini kuliko urefu wa sitaha.

Hata hivyo, pacha anaweza pia kunyofolewa vipuri. Gerald R. Ford, manowari nyingine ya Marekani iliyokabidhiwa kwa jeshi la majini mwaka 2017, ilileta mitambo ya sumakuumeme ya kurushia ndege mahali pa ile ya mvuke, pamoja na lifti 11 za silaha za aina mpya, ambazo ya mwisho ilikamilika Desemba 2021, zaidi ya miaka minne baadaye. Kwa kuwa vifaa hivyo vilikuwa vigeni na akiba yake ilikuwa ndogo, baadhi ya vipuri vilichukuliwa kutoka kwa pacha wake, John F. Kennedy, iliyokuwa ingali ikijengwa. Wakaguzi walieleza pia kwamba mitambo hiyo ya kurushia haikuwezesha fundi kuukatia umeme mtambo mmoja na kuutengeneza huku mingine ikiendelea kurusha ndege. Hilo ni kosa la mezani kwa msanifu, na halirekebishwi na ghala lolote, hata lingejaa kiasi gani.

Kwa upande wa Uingereza tuligusa tu viungo vya shafti, yaani mihimili inayozungusha propela: kile cha Prince of Wales kilichoharibika Agosti 2022 muda mfupi baada ya kuondoka Portsmouth, na kutu iliyoizuia Queen Elizabeth kwenda kwenye mazoezi ya NATO Februari 2024, ambapo Prince of Wales ilikwenda badala yake.

Kuhusu uendeshaji, kamati inawashukuru wanachama waliotafsiri maelezo ya kiufundi kwa Kiswahili, kazi ngumu isiyo na malipo. Mhazini atawasilisha hesabu kwa taarifa yake mwenyewe.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tusome ubadilishaji wa fueli ya nyuklia katikati ya maisha ya meli, tukianza na George Washington, mmoja wa wenzake Nimitz, iliyokaa chelezoni na gatini katika kiwanda cha meli cha Newport News, Marekani, tangu 2017 hadi 2023. Wanachama waliowahi kufanya kazi kwenye karakana za bandari wanaombwa kujiandikisha kwa katibu ili waongoze vikao vya shafti, pampu na mabomba. Pendekezo hili linahitaji kura yenu katika mkutano huu.