Kwa Mwanangu Baluku, Kabla Hujapanda Rwenzori

Mwanangu mpendwa,

Habari kwamba wewe na wenzako wa chuo mtapanda hadi Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mwezi wa Januari imetufikia, na mama yako ameifurahia kuliko mimi. Najivunia kwamba umejilipia mwenyewe. Lakini umeandika kuwa huna wasiwasi kwa kuwa unacheza mpira kila jioni, na hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nguvu za miguu hazibadilishi tabia ya mapafu.

Mishipa ya damu kwingineko mwilini ikikosa oksijeni hutanuka ili damu ipite kwa wingi, ilhali ile midogo ya mapafuni hujibana. Wanasayansi von Euler na Liljestrand walilionyesha jambo hilo kwa paka mwaka 1946, kule Sweden. Katika chembe za misuli laini inayoizunguka mishipa hiyo, upungufu wa oksijeni hufunga vijia vinavyotoa potasiamu nje. Hali ya umeme ya utando wa chembe hubadilika, vijia vya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na msuli hukaza. Si kasoro. Mtu mwenye nimonia husaidiwa na jambo hilo, kwa kuwa damu huiacha sehemu ya pafu iliyoziba ikaenda penye hewa, kama mkulima wa Mubuku anayeziba mfereji wa shamba lisilopandwa ili maji yaende penye mpunga.

Mlimani, mwanangu, mifereji yote huzibwa kwa pamoja. Kwenye mita 5,109 oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila kanieneo la hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la pwani, kwa hiyo pafu zima lina njaa. Upande wa kulia wa moyo husukuma kwa nguvu, na kwa kuwa mishipa haijibani sawasawa, ile iliyobaki wazi hubeba shinikizo lote mpaka maji yavuje na kuingia katika vifuko vya hewa. Kuna watu ambao mishipa yao hukaza kupita kiasi, na ambao mapafu yao hutoa nitriki oksidi kidogo, gesi inayoilegeza misuli hiyo. Hawajijui mpaka wafike juu, na wachezaji hodari wamo miongoni mwao.

Utaniambia, kwa kuwa umesoma kemia, kwamba mwili huzoea. Ni kweli: protini ya HIF, ambayo huvunjwa oksijeni inapotosha, hubaki inapopungua na kuziamuru figo zitoe homoni ya kuongeza chembe nyekundu; utafiti huo uliwapatia wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Lakini chembe hizo huongezeka kwa wiki kadhaa, nanyi mtakuwa juu siku chache tu.

Inashauriwa kwamba ukivuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kambi ya John Matte iko karibu mita 3,400, Bujuku karibu 4,000, Elena zaidi ya 4,500. Piga hesabu mwenyewe, kisha muombe kiongozi siku ya mapumziko, hata wenzako wakinung'unika. Ukihema ukiwa umekaa, au ukikohoa usiku huku kifua kikikoroma, shuka saa hiyo hiyo. Dawa ya nifedipini husaidia, lakini si badala ya kushuka. Tena ukizidiwa Elena, rudi kwa njia ya Bujuku, usishukie kambi ya Kitandara, kwa sababu kutoka huko lazima upande tena kipito cha Freshfield, karibu mita 4,300, ndipo uteremke.

Wewe ukiumwa husemi. Mama yako anadai umerithi kwangu, nami sikumjibu.

Pitia nyumbani kabla ya safari. Kahawa imeanza kuanikwa na mikono haitoshi, paa la jiko linavuja, kwa hiyo niletee misumari ya mabati badala ya zawadi. Na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu, kimeisha? Kama hakijaisha, mwambie kiongozi kabla hamjaondoka Nyakalengija mnakoanzia kupanda, naye akikuzuia usibishane naye.

Baba yako