Turudishieni mabenchi ya bustani yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma kuhusu bustani ya mtaa wetu.

Mimi ni mstaafu. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari akaniagiza nitembee kila siku, nikichoka nikae, nikipata nguvu niendelee. Bustani iko karibu na kwangu, na ndiyo iliyonisimamisha upya. Kutoka langoni hadi benchi la kwanza ni hatua 140 za mtu mwenye mkongojo. La pili lilikuwa hatua 90 mbele, chini ya mti mkubwa uliochomoza mizizi. Wiki ya kwanza nilifika benchi la kwanza nikarudi. Wiki ya nne nilifika kwenye mti, nikakaa karibu saa nzima nikitazama watoto wakibembea. Siku hiyo sitaisahau.

Mwezi uliopita nilikuta mabenchi yote matatu yameng'olewa. Nilipouliza nikajibiwa kwamba vijana walikuwa wakishinda hapo. Vijana hao nawajua kwa sura. Wawili walikuwa wakijisomea mitihani, na mmoja ndiye aliyekuwa akinishikia mkongojo kila nilipokaa, bila kuombwa. Yalipokuwa mabenchi sasa pamepandwa maua, yamezungushiwa kamba na kuwekewa kibao cha kukataza watu kukanyaga majani. Maua ni mazuri, sikatai. Ila anayetaka kuyatazama asimame wima hadi lini?

Miaka ya 1970, Mmarekani William Whyte alitega kamera kwenye viwanja vya New York ili aone kwa nini baadhi vinajaa watu na vingine vinabaki vitupu. Aligundua kwamba watu hukaa palipo na pa kukaa. Akashauri pia kwamba dawa ya mahali panapohofiwa ni kupafanya pawavutie watu wa kila aina, kwa sababu macho ya wengi ndiyo ulinzi. Mjini humo kuna bustani ya Paley, iliyofunguliwa mwaka 1967. Eneo lake halizidi sana mita za mraba 390, tena imebanwa na majengo, lakini ina miti, ina maji yanayoporomoka ukutani na kufunika kelele za magari, na ina viti ambavyo kila mtu huvisogeza anakotaka, juani au kivulini. Hadi leo watu hukimbilia hapo kupumzika. Yetu ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa, na kivuli tunacho tayari. Sisi tunadai mabenchi tu.

Yakirudishwa, nina ombi moja ambalo asiyewahi kuumwa nyonga huenda asilione: yawe na egemeo na mikono. Mtu wa umri wangu hainuki kwa miguu peke yake. Husogea ukingoni, hukamata mikono ya benchi, hujisukuma juu, kisha husubiri kidogo kizunguzungu kipite ndipo aanze hatua. Benchi lisilo na mikono naweza kulikalia, lakini kuinuka hadi apite mtu anivute. Na pembeni pabaki nafasi ya kiti cha magurudumu, ili anayekitumia akae sambamba na wenzake asiegeshwe njiani.

Tangu mabenchi yaondoke, naishia langoni. Mama mmoja mwenye mapacha wachanga, ambaye tulizoea kukutana chini ya mti, siku hizi simwoni kabisa.

Misingi ya saruji bado ipo, na mashimo ya bolti hayajazibwa. Kuyafunga mabenchi upya ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mmoja. Nawaomba wahusika wamtume.

Mstaafu, msomaji wako wa kila siku