Debe la mahindi nalo likaguliwe

Mhariri,

Uchaguzi ukikaribia, neno debe halikosi midomoni mwetu hapa Bungoma. Huyu anapigiwa debe, yule anaambiwa tukutane debeni. Siku ya kura maajenti wa vyama hawabanduki kwenye lile sanduku: linafunguliwa mbele yao waone ni tupu, linafungwa kwa lakiri, nambari za lakiri zinaandikwa. Ulinzi huo naunga mkono kabisa. Ombi langu ni kwamba debe jingine, lile la bati ambalo mkulima anapimiwa mahindi yake, lipate angalau nusu ya uangalifu huo.

Debe hili lilikuwa la mafuta ya taa, galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakiisha, watu walitekea maji, wakahifadhia nafaka, na lilipotoboka likapasuliwa likawa mlango au paa. Mdogo wake ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, ambao wengine wanauita kasuku. Ni vyombo vizuri vya kuwekea vitu. Tatizo ni kwamba tumevifanya mizani, na mizani isiyokaguliwa na mtu.

Kwa hesabu ya huku kwetu, gunia la kilo 90 ni debe sita, kila debe kilo 15. Lakini mnunuzi anayefika shambani haji na debe la kawaida. Anakuja na lile lililogongwa kutoka ndani mpaka mbavu zimetokeza nje, au lililoongezewa bati juu na fundi. Mtazame anavyopima. Anamimina, anatikisa, analipiga debe kwa goti mahindi yashuke, anaongeza, kisha anarundika juu mpaka punje zinamwagika pande zote. Hata zile zilizomwagika zinazolewa na kuingia kwenye gunia lake. Mama mwenye mahindi amesimama pale anaona yote. Karo inamsubiri, na mnunuzi huyu akiondoka hajui mwingine atapita lini, basi ananyamaza. Debe likizidi kwa kilo moja tu, kila gunia limemtoa kilo sita za bure. Katika magunia kumi hizo ni kilo 60, theluthi mbili ya gunia zima.

Sasa ngoja ifike Mei. Ghala lake limekwisha na mahindi ya shambani bado ni machanga. Mama yuleyule anaenda sokoni kununua kwa gorogoro, na huko anakuta mkebe uliogongwa kitako kikaingia ndani. Ukiutazama kwa juu umejaa pomoni. Uinue uutazame chini, utaona shimo linalotosha ngumi. Safari hii hakuna kutikisa wala kurundika. Anamiminiwa upesi kwenye mfuko na kuambiwa bei. Aliuza kwa chombo kilichotanuliwa, ananunua kwa chombo kilichobanwa, na mahindi yenyewe huenda ni yale aliyoyapalilia kwa mikono yake. Jambo hili linaniuma kuliko bei mbovu, kwa sababu bei angalau hutajwa kwa sauti na mtu akaikataa.

Sheria tunayo. Sheria ya Uzani na Vipimo, Sura ya 513, inataka kipimo cha biashara kikaguliwe na kupigwa muhuri. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti masoko na jukumu la kuhakikisha biashara ya haki. Mkusanya ushuru hakosi sokoni hata siku moja. Mkaguzi wa vipimo mbona haonekani?

Wenzetu wanaolima viazi upande wa Molo na Mau Narok walilia miaka mingi juu ya magunia yanayoongezewa neti mpaka yanamzidi mtu kimo. Kanuni za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Najua bado zinakiukwa, lakini mkulima wa viazi leo ana nambari ya kumtajia mnunuzi. Sisi wa mahindi ya debe tunabishana juu ya bati. Bodi ya Nafaka inanunua kwa kilo na kupima unyevu, ndiyo, ila mwenye magunia matatu na asiye na gari hafiki huko.

Sisemi wachuuzi wa gorogoro wafukuzwe. Wengi wao ni akina mama wanaotafuta unga wa jioni, na kuna familia ambazo haziwezi kununua zaidi ya gorogoro moja kwa siku. Askari wa kaunti wakivamia soko kunyang'anya mikebe watakuwa wamewaumiza walewale. Gorogoro ibaki, ila ikaguliwe, ipigwe muhuri, na ipimwe kwa kupanguswa juu kwa kijiti, iwe ni kununua au kuuza. Na kila soko liwekewe mizani ya kaunti karibu na meza ya ushuru, ambapo mtu yeyote atapima mzigo wake bila kulipa. Bei ya siku iandikwe ubaoni kwa kilo. Wakati wa mavuno, wakaguzi waingie vijijini kwenye barabara zinazopita malori, maana hasara kubwa inatokea uani mwa mkulima kabla mahindi hayajafika sokoni.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Huwa tunafika kuomba barabara na zahanati, na ni haki yetu. Safari hii nawasihi wakulima wenzangu wa Bungoma, Kakamega na Trans Nzoia tuombe na mizani, tutaje masoko yetu kwa majina, na tuhakikishe ombi hilo limeandikwa kabla hatujaondoka ukumbini.

Mkulima,
Kaunti ya Bungoma