Madawati ya shule za amali yatengenezwe na wanafunzi wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wakuu wa sekondari zenye mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, pamoja na wazazi wenzangu. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Majengo, Moshi.

Hivi karibuni niliitwa na shule moja kukaza madawati yaliyolegea miguu. Kazi ni riziki yangu, nashukuru. Lakini shule hiyo inafundisha useremala! Wakati napaka gundi na kubana miguu ya madawati, chumba cha pili wanafunzi walikuwa wananakili ubaoni majina ya sehemu za randa, kifaa cha kulainishia mbao. Hakuna aliyetumwa kuja hata kunishikia ubao.

Mtaala wa amali ulioanza Januari 2024 naupenda, kwa sababu mtoto anaweza kumaliza Kidato cha Nne akiwa na kazi mkononi. Ninachohofia ni ujuzi kugeuzwa kipindi: unasubiri kengele, unasubiri vifaa, unasubiri mtihani. Ufundi hauingii mkononi kwa namna hiyo. Unaingia kwa kazi ndogo inayorudi kila siku.

Kwangu siku inaanza kwa kunoa. Kabla oda ya mteja haijaguswa, kila kijana anachukua kisu cha randa na patasi zake, anakaa kwenye kinoo. Mwanzoni anainamisha chuma kupita kiasi, au anakichezesha, na makali yanatoka mviringo. Simkaripii. Namwambia apitishe kidole gumba taratibu upande wa nyuma, ahisi ule ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Akiuhisi kuanzia kona hadi kona, ageuze kisu auondoe. Kisha anajaribu kwenye kipande cha mbao ya mgrivelia. Maranda yakitoka mapana na membamba, yamejiviringa bila kukatika, anaruhusiwa kuingia kazini. Yakitoka vipande na unga, anarudi kwenye jiwe. Kesho yake anaanza upya. Inafika siku mkono unashika pembe wenyewe huku mdomo unasimulia mechi ya jana, na kufikia hapo ameshajifunza mengi ambayo sikumpa somo lake: nyuzi za mbao zinaelekea wapi, ubao upi bado mbichi, nguvu kiasi gani inatosha.

Aliyenielewa haraka kuliko wote ni binti kutoka Uru, asiye na cheti chochote cha ufundi. Kwao ng'ombe wanalishwa bandani, na tangu shule ya msingi kazi yake ya jioni ilikuwa kukata majani na kunoa mundu wake mwenyewe. Aliposhika kisu cha randa, alikitegea sikio. Kwa mlio tu alijua kama chuma kimelala sawasawa kwenye jiwe. Hilo hakufundishwa na mtu yeyote. Alilipata kwenye majani ya ng'ombe.

Wa umri wangu watasema haya si mageni, na ni kweli. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zikawa na mashamba, nasi tukayalima. Kilichotuharibia wengi ni kwamba jembe lilikuwa pia fimbo. Umechelewa, kafyeke. Umepiga kelele, kachote maji. Mtoto akizoea kazi kama adhabu, anajifunza kuimaliza upesi aikimbie, na hakuna aliyekuja kuangalia tuta limekaaje. Kwa hiyo ninapotaka wanafunzi watengeneze madawati, sitaki watumikishwe bure. Nataka kila kazi iwe na mwalimu au fundi wa kuikagua ikiisha, na mwanafunzi yule yule airudie mpaka ikae sawa. Vitasa vya milango, mabomba yanayovuja, hesabu za stoo ya jikoni: vyote hivyo ni masomo ambayo shule inayalipia watu wa nje.

Wazazi, nasi tusijitoe. Likizo ya Juni na ya Desemba watoto wako twisheni, na nyumbani dada wa kazi anafanya kila kitu. Kijana wa Kidato cha Pili akabidhiwe hela ya chakula ya wiki nzima, aende soko la Mbuyuni mwenyewe, apange mpaka ifike Jumamosi. Wiki ya kwanza huenda ikaisha Alhamisi. Mwachieni na wiki ya pili.

Serikali yenyewe inakubali kwamba ujuzi hupatikana kazini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani: unapimwa kwa unachoweza kufanya, ukifaulu unapewa cheti. Baadhi ya vijana wangu wamepitia njia hiyo. Mwanafunzi wa amali naye apimwe vivyo hivyo. Awe na daftari la matengenezo: tarehe, kilichoharibika, alichokifanya, sahihi ya aliyekagua. Baada ya mwezi arudi kwenye dawati lile lile, alitikise, aandike kama limeshika au limelegea tena na kwa nini. Naomba wizara iruhusu daftari hilo lihesabiwe katika alama zake za mwaka.

Fundi Seremala,
Majengo, Moshi.