Kwa Nini Kusafisha Kamera Ndogo Hugharimu Zaidi ya Kubwa

Lalamiko linalotufikia mara kwa mara dukani kwetu hapa Lamu, na ambalo majuzi lilimfanya mteja mmoja aondoke akiamini amepunjwa, ni kwamba tunatoza fedha nyingi zaidi kusafisha kamera ya mfukoni kuliko kamera kubwa ya mpiga picha wa harusi. Ni kweli tunatoza hivyo, na bei haitashuka.

Kamera kubwa hubonyezwa kitufe, lenzi ikazungushwa na kutoka, na sensa, yaani kile kibamba kinachonasa picha, ya milimita 36 kwa 24 ikawa wazi mbele ya fundi, tayari kwa kipulizio cha mpira na kitambaa chake maalumu. Kamera ya mfukoni, ambayo sensa yake mara nyingi haizidi milimita 13.2 kwa 8.8, haina mlango huo. Ili kuifikia chembe moja ya mchanga, fundi hana budi kufungua skrubu ndogo mno zenye urefu tofauti, kuchomoa tepe za nyaya zinazokatika kwa kuguswa vibaya, na kuondoa umeme uliobaki katika kapasita ya flashi, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wake, ambao waweza kufikia volti 300 hata betri ikiwa imetolewa. Kisha mirija ya lenzi hupangwa upya, na ikikaa mshazari kidogo tu, upande mmoja wa picha hutoka na ukungu.

Mchanga wa ufuo wa Shela, hasa wakati wa kusi, ndio unaotuletea kazi nyingi. Lenzi hukwama nusu ya njia, na mwenyewe badala ya kuizima huibonyeza iwake na kuzimika tena na tena, au huisukuma kwa kidole. Kijana mmoja anayetembeza wageni alifanya hivyo: gia za plastiki zikavunjika, na kazi ya kusafisha ikageuka kuwa ya kutafuta lenzi nzima Mombasa. Mwingine alianguka na kamera kutoka kwenye mashua, akaifukia ndani ya mchele kwa siku kadhaa. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula shaba ya saketi. Angeitoa betri papo hapo na kutuletea siku hiyohiyo, huenda ingepona.

Wenye kamera kubwa nao wasijione salama. Lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70–200 inayoingiza mwanga mwingi yaweza kuwa na uzito wa kilo moja na nusu, na anayeibeba kwa kushika mwili wa kamera pekee huutesa mlango wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi daima. Ile ndogo nayo ivalishwe kamba ya mkononi, kwa kuwa vichochoro vyetu vina punda, na punda hapishi mtu.

Kila kamera hukaguliwa mbele ya mwenyewe na bei hutajwa kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa. Asiyeridhika huondoka nayo bila kulipa chochote.