Barua ya kufunga muhula: watoto wenu wameshika chaki

Kamwene wazazi na walezi wangu, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo.

Tunafunga Ijumaa hii asubuhi baada ya chai. Watoto wa bweni wanatoka na ripoti mkononi, tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti pamoja na mahitaji, na sweta naomba zisisahaulike maana baridi la huku Kilolo mnalijua, mwezi wa saba halina huruma. Mwenye deni la mchango wa chakula aje aongee na mhasibu, tutaelewana. Matokeo yote yako kwenye ripoti, siyarudii hapa, kwa sababu leo nataka niongee jambo moja ambalo wengine mmeshanipigia simu na wengine nasikia linajadiliwa kwenye grupu la wasapu, kwamba siku hizi shule inawafundisha watoto ualimu.

Ni kweli. Muhula huu vijana wa kidato cha tatu na cha tano waliojiandikisha wenyewe wamefanya kazi ya mwalimu wiki mbili, na nikisema kazi ya mwalimu namaanisha yote, wameandika andalio la somo, wametafuta zana, wamefundisha kidato cha kwanza huku mwalimu wa somo amekaa nyuma na daftari lake, wengine wakaenda shule ya msingi jirani, na jioni wakasahihisha. Ilianza mwezi wa pili nilipokaa na fomu faivu tunaongea nani anataka kuwa nani, wakataja udaktari, uinjinia, sheria, jeshi, ualimu hakutaja hata mmoja. Nikauliza vipi, mmoja akanijibu kwa adabu tu, Mkuu, mwalimu si anaingia anaandika ubaoni anatoka. Ile kauli ilinikaa sana. Mtoto yuko shule zaidi ya miaka 11, mwalimu anamwona kila siku ya Mungu, lakini kazi yenyewe hajawahi kuiona.

Sasa niwasimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Binti mmoja wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, alipewa namba hasi, kidato cha kwanza. Akawatoa watoto nje kwenye zile ngazi zetu za kushukia jikoni, akachora mstari wa chaki kwenye ngazi ya katikati akasema hapa ni sifuri, juu ni chanya, chini ni hasi. Kajamaa kamoja kadogo kakasimama hasi tatu, akakaambia panda ngazi tano, uko wapi? Mbili! Wakapiga makofi, wanaenda vizuri kabisa, mpaka akauliza mtoto mwingine, tano toa hasi mbili inafanyikaje hapa kwenye ngazi? Binti akanyamaza. Nilikuwa nimesimama dirishani ofisini, nikaona kabisa anatafuta pa kutokea, angeweza kusema hasi na hasi inakuwa chanya kariri hivyo hivyo, ndivyo wengi tulivyofundishwa. Hakusema hivyo. Alisema hili kulionyesha bado sijui, kesho nitakuja nalo.

Usiku prepo alikuwa na mwalimu wake mpaka taa zinazimwa. Kesho yake kaja na vifuniko vya soda kavipaka rangi, vyeusi ni pesa, vyekundu ni deni. Akaweka vyeusi saba na vyekundu viwili akawauliza, una mia saba na mama wa maandazi anakudai mia mbili, mali yako shilingi ngapi? Mia tano. Haya, mama wa maandazi amekusamehe, akatoa vile vyekundu viwili, umebaki na ngapi? Darasa zima likaitika mia saba!! Tano toa hasi mbili ni saba. Baadaye alinifuata akaniambia Mkuu, hesabu fomu foo nilipata A lakini hili nilikuwa nimelikariri tu, nimelielewa jana usiku. Wazazi wangu, nilifurahi siku nzima.

Mzazi mmoja alinipigia simu kwa uchungu, akasema Mkuu mimi nauza mahindi na viazi mtoto asome sayansi, unamwambia awe mwalimu? Na kijana wangu mkubwa ana digrii ya ualimu yuko nyumbani mwaka wa tatu huu. Sikumkatiza, maana ni kweli. Ajira za walimu sio kama zamani unamaliza chuo unapangiwa kituo, siku hizi unaomba kwenye Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, unaitwa usaili na wenzako kibao, nafasi chache, wengi wanajitolea au wanafundisha shule binafsi wakisubiri. Hilo nimewaambia na watoto bila kuficha. Ila niliwaambia na upande wa pili, kwamba tangu ada ifutwe 2016 madarasa yamejaa kila mahali, na fizikia na hesabu shule nyingi zinalia hazina mtu, hata sisi hapa fizikia yote tuna mwalimu mmoja mnamjua anavyokimbia kutoka darasa hadi darasa.

Na hili la kwamba ualimu ni wa waliofeli, tulipolitoa napajua. MMES, ule mpango wa serikali wa kukuza elimu ya sekondari, ilipoanza 2004 na shule za kata zikaota kila kona, walimu hawakuwepo, wakachukuliwa vijana waliotoka fomu sikisi wakapigwa kozi fupi wakapelekwa madarasani, mtaani mkawaita voda fasta. Walijitahidi sana wale vijana, wengine baadaye walisoma mpaka digrii na nafanya nao kazi, lakini jina limegandia kazi nzima mpaka leo. Mtoto akisema mezani anataka kuwa mwalimu, mzazi anashusha kijiko.

Tuliwapeleka chuo cha Mkwawa pia, tukakodi kosta moja mpaka Iringa mjini. Chuo kile kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam 2005 kwa sababu ya upungufu huohuo wa walimu. Watoto wakaona maabara, wakaongea na wanachuo, na walipoambiwa hayati Magufuli alisomea hapo diploma ya ualimu kabla ya kwenda kufundisha kemia na hesabu Sengerema, kijana mmoja akaniuliza kwa mshangao, kumbe, Mkuu, Magufuli alikuwa ticha kwanza? Nikamwambia na Nyerere naye alikuwa anafundisha Pugu mpaka 1955, lile jina la Mwalimu hakupewa kwa heshima tu, ilikuwa kazi yake.

Sio wote walioipenda, na wala sikutaka wote waipende. Kuna kijana wa fomu thrii alisahihisha madaftari 60 ya darasa la nne jioni moja, akaja amechoka macho mekundu akasema hii kazi siiwezi, na kwa siku zile mbili alizofundisha watoto hawakumsikia kwa sababu muda wote alikuwa anaongea na ubao amewapa mgongo. Nimempongeza kwa dhati. Amejua akiwa na miaka 16. Mimi nilijua nikiwa nimeshafika kituo cha kazi, siku ya kwanza nimesimama mbele ya darasa magoti yanagonga, maana ualimu niliujaza kwenye fomu tu bila mtu kunionyesha ukoje, na miaka miwili yote nilikuwa mwalimu mbaya kwa watoto wa watu. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo ndani ya bahasha ya ripoti kuna karatasi ya kijani. Shule za msingi mbili za jirani zimekubali kupokea vijana wetu zikifungua, saa mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, wakae na mwalimu darasani. Mzazi anaweka sahihi ndiyo au hapana. Kabla hujaandika naomba mkae na mtoto jioni mumuulize alifundisha nini na ilikuwaje, mumsikilize mpaka amalize. Karatasi zote zirudi siku ya kufungua hata kama umeandika hapana, na wa hapana naomba muandike sababu, nitazisoma moja moja na nitawapigia.

Wenu,
Mkuu wa Shule