Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wetu: mmetukataza mtandao, nani atatufundisha kuuchuja?

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: WAGONJWA WA SUKARI KUSAIDIWA KUCHUJA HABARI ZA AFYA ZA MTANDAONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua ya namna hii hupitia masijala. Zangu zilizotangulia zilipita huko na zikagongwa muhuri, nashukuru, mihuri ilisomeka vizuri kabisa. Majibu ndiyo sijayasoma mpaka leo, kwa hiyo hii nimeona niiweke hadharani.

Jumanne iliyopita, siku ya kliniki yetu, aliletwa mama mmoja tunayekaa naye benchi, muuza maandazi. Wanawe walikuwa wamemshika huku na huku. Alikuwa ameacha metfomini, kidonge chetu cha kushusha sukari. Sauti ya WhatsApp, yenye vile vimishale viwili vya kuonyesha kwamba imepita mikono mingi, ilimwambia kuwa kidonge hicho ndicho kinachoua figo, na kwamba yuko mtu ana unga wa mbegu wa kumaliza sukari kwa siku 21. Alipojieleza, daktari akamjibu mbele yetu sote: "Si una Google? Nenda ikakutibu." Wapo waliocheka. Mimi nilishindwa, na hasira ile bado ninayo ninapoandika.

Ile sauti haikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Metfomini hutoka mwilini kupitia figo. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshadhoofika sana hupunguziwa dozi au huondolewa kabisa kwenye dawa hiyo. Mtu akaichukua kweli hiyo, akaipindua, dawa ikawa ndiyo mharibifu, wakati kinachotumalizia figo sisi ni sukari yenyewe ikiachwa bila kudhibitiwa, na presha ikiisaidia. Maelezo hayo hayazidi dakika moja. Dakika ilikuwepo, ikatumika kwa kejeli.

Kwenye ukuta wa kliniki lipo bango: "Epuka taarifa za mitandaoni." Chini yake, kwa herufi ndogo, tunaombwa tuwafuate Instagram. Nikawafuata, mimi mtiifu. Nilichokuta ni picha za mgeni rasmi akikata utepe.

Mimi ni mkutubi mstaafu. Maisha yangu ya kazi yalikuwa kumwuliza msomaji: hiki kimeandikwa na nani, mwaka gani, amekitoa nani, na anapata nini ukikiamini? Sikuwahi kumwambia mtu asisome. Kwa habari za afya, wenzetu walishaliwazia jambo hili zamani. Uingereza walitoa DISCERN mwaka 1999, maswali 16 ambayo mgonjwa wa kawaida anaweza kuyatumia kupima maandishi yoyote ya tiba: Je, yanataja yalikotoa habari zake? Yana tarehe? Yanaeleza madhara ya tiba, au ni faida tupu? Yanasema nini kitatokea usipotumia tiba yoyote? Yanakiri pale ambapo jambo halijulikani? Ipime sauti ya WhatsApp kwa maswali hayo uone kama itafika la tatu. Kulikuwa pia na alama ya HONcode ya taasisi ya Geneva, iliyobandikwa kwenye tovuti zilizokubali kufuata kanuni zake. Ilifungwa mwaka 2022. Kwa hiyo hata mhuri wa kutegemea haupo tena. Kimebaki kichwa cha mgonjwa mwenyewe, na kichwa hicho ndicho mnachokitukana.

Utaniambia habari nzuri zipo. Zipo, nyingi kwa Kiingereza. MedlinePlus ya Marekani ina kurasa chache za Kiswahili, nimezisoma, ni nzuri, ila hazikuandikwa kwa anayekula ugali wa dona na kusubiri daladala ya kwenda kliniki. Wauza unga wa mbegu, kinyume chake, wanazungumza Kiswahili kitamu. Wanavaa koti jeupe, stethoskopu shingoni, wanakuita mama yangu, wanapokea simu usiku wa manane. Siku hizi wanaiba mpaka sura na sauti za madaktari halisi na kuzitengenezea video bandia. Wewe simu yako inapokelewa saa ngapi, Ndugu Mganga Mkuu?

Wala tusijifanye kwamba upumbavu ni wa wagonjwa peke yao. Mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kilipangiwa foleni na wakubwa kwa wadogo, mawaziri wakiwemo, na wenye sukari walikuwemo. Mei 2020 Serikali ilituma ndege Madagascar kufuata kinywaji cha mitishamba cha korona. Sisemi mitishamba yote ni mibaya, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo na lina kazi yake. Nasema tu kwamba aliyeona hayo yote kwenye taarifa ya habari, leo anachekwa kwa kuamini sauti ya WhatsApp.

Nikukumbushe na jambo jingine. Mwaka juzi, Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, ulisimama uwanjani ukaahidi vipeperushi na somo la kila kliniki la kututofautishia habari za kweli na za uongo. Tulipiga makofi. Tulichopata ni fulana. Yangu imeandikwa "Afya Yangu, Jukumu Langu", naivaa nikimwagilia mchicha. Nahisi fedha ya vipeperushi ndiyo iliyoshona fulana, ingawa sina ushahidi. Au pengine madaktari wanaogopa mgonjwa anayeuliza kwa sababu foleni ni ndefu. Hilo ningelielewa. Nami hufika alfajiri, nakaa bila kula nikisubiri kipimo, mguu wa kushoto unachoma, stripu za kupimia nyumbani nanunua pensheni ikiruhusu, na nikiingia kwa daktari anaandika kabla sijakaa. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani na maswali yake yote mfukoni, atamwuliza nani kama si simu?

Niliwahi kuomba mafunzo kwa wauguzi. Nikaomba ukurasa wenu wa mtandao uwe na majibu ya uvumi unaotembea. Nikaomba namba 199 ya Wizara, ambayo ni ya bure, ibandikwe ukutani. Hayo yote nimeyaweka kando, yasije yakakuchosha.

Naomba karatasi moja. Kiswahili, herufi kubwa kwa macho yetu haya, maswali matano ya kumwuliza yeyote anayetupa habari ya dawa, na sentensi moja chini: usiache dawa kabla hujatuuliza, na ukituuliza hatutakucheka. Ibanwe ndani ya kadi ya kliniki. Muuguzi aisome kwa sauti tukiwa benchini, tuko pale tangu alfajiri, muda tunao.

Maswali nimeshayaandika, nimeambatisha. Mrekebishe mtakavyo, jina langu mlitoe. Stationari iliyo mkabala na geti la hospitali inatoa kopi kwa shilingi mia. Kliniki ijayo ni Jumanne.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mgonjwa wa kliniki ya Jumanne

Nakala: Muuguzi Msimamizi wa Kliniki ya Sukari, Masijala (kwa ajili ya muhuri)